Ruta Zilizofundishwa Kutojua

Vitabu vya kufundishia mitandao ya kompyuta huyaeleza maeneo maalumu ya itifaki ya OSPF, inayoziwezesha ruta kutafuta njia, kwa sentensi moja au mbili: ruta za zamani zilikuwa na kumbukumbu ndogo, wabunifu wakatafuta namna ya kuzipunguzia mzigo, ndipo yakazaliwa maeneo yasiyopokea taarifa zote. Mwanafunzi hukariri aina zake, yaani stabu, stabu kamili na NSSA, hujifunza amri za kuyasanidi, hufaulu mtihani, na jambo huishia hapo. Maelezo hayo si ya uongo. Yameandikwa katika nyaraka zenyewe za itifaki. Ila yakiachwa peke yake yanaacha maswali yakining'inia. Kama shida ilikuwa kumbukumbu tu, kwa nini taarifa zilizokatwa kwanza zilikuwa zile zilizotoka nje ya mtandao, si zile za ndani? Kwa nini aina iliyo tata kuliko zote, NSSA, ilitetewa kwa mfano wa mteja mmoja wa mtandao wa vyuo vya California? Na kwa nini maeneo hayo yangali yapo wakati ruta ya bei nafuu leo ina kumbukumbu ambayo mhandisi wa 1990 asingethubutu kuiomba? Ninavyoona mimi, historia yake ni historia ya mipaka: nani anaendesha nini, nani analazimika kujua habari za nani, na kosa la upande mmoja liruhusiwe kufika wapi. Uhaba wa kumbukumbu ndio uliofungua mlango, lakini si ndio uliouacha wazi.

Ni lazima kuanzia kwenye wazo ambalo maeneo maalumu yalikuja kulipunguza makali, yaani wazo la kila ruta kujua kila kitu. Mtandao wa ARPANET uliowashwa Marekani mwaka 1969 ulianza kwa mtindo mwingine. Kila mashine ilimpa jirani makadirio ya umbali hadi kila mahali, na jirani akajumlisha na yake na kuyapeleka mbele. Ulikuwa uvumi uliopangwa kihesabu, na kama uvumi wowote, ulichelewa kukanushwa: kiungo kikikatika, mashine ziliendelea kwa muda kurushiana habari za njia ambayo haikuwepo tena. Mwaka 1979 kampuni ya BBN, iliyoujenga mtandao huo, ilibadilisha utaratibu, na John McQuillan, Ira Richer na Eric Rosen wakaueleza katika makala ya 1980. Sasa kila mashine ilitangaza hali ya viungo vyake yenyewe tu. Tangazo hilo lilifurikishwa mtandao mzima bila kubadilishwa, kila mashine ikajichorea ramani kamili, kisha ikatafuta njia fupi kwa kanuni aliyoichapisha Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959. OSPF ni mjukuu wa utaratibu huo.

Ubora wa utaratibu mpya ulionekana upesi, na hatari yake haikuchelewa. Tarehe 27 Oktoba 1980 ARPANET nzima ilisimama kwa saa kadhaa. Rosen aliandika uchunguzi uliotolewa mwaka uliofuata kama RFC 789, mojawapo ya nyaraka zenye namba zinazoeleza itifaki za intaneti, na hadi leo huo ni miongoni mwa nyaraka zinazosomeka vizuri kuliko nyingi katika fani hii, labda kwa sababu mwandishi hakujaribu kumficha mtu. Matangazo yalibeba namba za mfuatano za biti sita, kuanzia 0 hadi 63, zilizofika mwisho na kurudi mwanzo. Hitilafu ya kifaa ilidondosha biti, na ghafla yakawepo matangazo matatu ya mashine namba 50 yakiwa hai kwa pamoja, yenye namba 8, 40 na 44. Kwa hesabu ya mzunguko, 44 ni mpya kuliko 40, 40 ni mpya kuliko 8, na 8 nayo ni mpya kuliko 44. Kila mashine iliyopokea moja iliona imepata habari mpya, ikaipokea na kuisambaza, na mzunguko ukaendelea bila kikomo hadi mashine zikashindwa kufanya kazi nyingine. Kuzima mashine moja na kuiwasha upya hakukusaidia kitu, kwa maana majirani waliipa tena maradhi yaleyale mara tu ilipoamka.

Mafunzo mawili yalitoka hapo, ingawa kwa kawaida husimuliwa moja tu. La kwanza lilihusu namba. Radia Perlman alilifanyia kazi katika makala yake ya 1983 kuhusu namna ya kusambaza taarifa za njia bila kuangushwa na kosa kama lile, na OSPF ya 1991 ikaja na mfuatano ulionyooka, usiozunguka. La pili lilihusu eneo la madhara. Katika mtandao ambao kila mtu anajua kila kitu, hakuna kosa la mtaani. Kosa la mashine moja ni kosa la wote. Namba zilirekebishwa, lakini hoja hii ya pili haina dawa ya kihesabu. Dawa yake ni kuamua kwamba baadhi ya habari hazitavuka mstari fulani.

Kwamba mtandao mkubwa unaweza kuishi bila kila mtu kujua kila kitu lilikuwa jambo lililokwisha kuthibitishwa kwa hesabu. Leonard Kleinrock na Farouk Kamoun walionyesha mwaka 1977 kwamba mtandao ukigawanywa katika ngazi, ukubwa wa jedwali la kila ruta unaweza kushuka kutoka idadi ya vituo vyote hadi kiasi kinachokua polepole sana, kwa gharama ya njia kurefuka kidogo. Kwa fomyula yao, mtandao wa vituo 1,000 unaohitaji mistari 1,000 katika kila jedwali ungeweza, kwa mgawanyo bora kabisa, kuhitaji mistari kama 19. Hakuna aliyewahi kujenga mtandao wenye mgawanyo bora kabisa, na makala yao haikumwambia mhandisi mstari aupitishe wapi. Hesabu iliona vituo vinavyofanana. Haikuona chuo, kampuni wala idara ya serikali.

Majina hayo ya taasisi ndiyo yaliyoitawala miaka ambamo OSPF ilizaliwa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 mtandao wa NSFNET uliunganisha mitandao ya kikanda ya Marekani, na kila mtandao wa kikanda uliunganisha vyuo na maabara. Ndani ya vyuo itifaki iliyoenea ilikuwa RIP, iliyorudi kwenye mtindo ule wa kwanza wa ARPANET: ruta zilipeana majedwali kila sekunde 30, na kituo kilichokuwa mbali kwa hatua zaidi ya 15 kilihesabiwa hakifikiki. Kikundi cha kazi cha IETF, chombo kinachoandaa viwango vya intaneti, huku John Moy wa kampuni ya Proteon akiandika, kilikusudia itifaki ya wazi isiyomilikiwa na mtengenezaji yeyote. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 1989 kama RFC 1131, na la pili, ambalo ndilo hasa lililotumika, likatoka Julai 1991 kama RFC 1247. Mtandao uligawanywa katika maeneo. Ndani ya eneo kila ruta ilikuwa na ramani kamili. Kati ya eneo na eneo ulipita muhtasari tu, na wote ulipitia eneo namba 0 lililoitwa uti wa mgongo. Kejeli yake ni kwamba katika mipaka hiyo OSPF ilirudia ule uvumi uliopangwa ambao ARPANET iliuacha mwaka 1979. Ruta ya mpakani hutaja umbali tu, haitoi ramani. Sharti la kupitia uti wa mgongo liliwekwa ili uvumi huo usizunguke.

Sasa tufike kwenye stabu yenyewe. Waraka wa 1991 unasema kwamba katika mitandao fulani sehemu kubwa ya hifadhidata ya OSPF inaweza kuwa ni matangazo ya njia za nje, yaani njia zilizojifunzwa kutoka itifaki nyingine au mitandao ya watu wengine na kumwagwa ndani. Kwa hiyo unaruhusu eneo kutangazwa kuwa stabu: njia za nje hazifurikishwi humo, na ruta zake hupewa njia chaguo-msingi moja inayoelekea ruta ya mpakani. Mjumbe wa nyumba kumi hana haja ya orodha ya wakurugenzi wa kila halmashauri nchini. Anajua ofisi ya kata iko wapi, na barua yoyote asiyoijua huipeleka huko. Faida inayotajwa na waraka ni hifadhidata kupungua, na hivyo kumbukumbu kupungua. Lakini tazama kilichokatwa. Hazikukatwa habari za viungo vya ndani ya eneo, ingawa nazo hula kumbukumbu na ndizo zinazoilazimisha ruta irudie hesabu ya Dijkstra. Wala haukukatwa, kwa agizo la msingi, muhtasari kutoka maeneo mengine ya mtandao uleule. Zilikatwa habari za wageni. Mstari wa kwanza wa kutojua ulichorwa pale pale palipokuwa na mpaka wa kiutawala.

Mtu anaweza kusema mstari huo ulichorwa hapo kwa sababu wageni ndio waliokuwa wengi, basi. Ni kweli walikuwa wengi na waliongezeka kwa kasi: NSFNET ilianza kazi kwa kiwango kipya mwaka 1988 ikiwa na mitandao mia mbili hivi, na ilipozimwa Aprili 1995 ilikuwa inafikisha habari za mitandao zaidi ya 50,000. Hebu tupige hesabu ndogo. Tangazo moja la njia ya nje katika OSPF lina baiti 36, na hurudiwa kila nusu saa hata kama hakuna kilichobadilika. Njia 10,000 ni baiti 360,000 kwa nusu saa, sawa na biti 1,600 kwa sekunde. Kwenye laini ya biti 9,600 kwa sekunde, sehemu ya sita ya uwezo wote inaliwa na marudio ya habari ambazo ofisi iliyo mwisho wa laini haina matumizi nazo, kwa kuwa njia yake ya kutoka ni moja tu. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kurudi 1990 kuielewa hali hiyo. Kabla waya wa SEACOM haujafika pwani yetu Julai 2009, kituo kilichoning'inia kwenye kiungo chembamba cha setilaiti kilikuwa katika hali ileile. Lakini hesabu hii inasema jambo jingine pia: gharama haikuwa ya kumbukumbu peke yake, na hoja haikuwa wingi tu. Hoja ilikuwa kwamba habari hizo hazikuwa na kazi mahali zilipofika. Njia 10,000 zinazoelekea mlango uleule zimebeba habari moja.

Mantiki hiyo ikishakubaliwa haiishii kwa wageni. Ikiwa mlango ni mmoja, hata muhtasari wa maeneo mengine ya mtandao wetu wenyewe hauna kazi. Hivyo ikaja stabu kamili, jina lililoenezwa na kampuni ya Cisco, ambamo ruta ya mpakani hupeleka ndani njia chaguo-msingi tu na kunyamaza kuhusu mengine yote. Waraka wa 1998, RFC 2328, unairuhusu tabia hiyo waziwazi. Namna inavyosanidiwa inafundisha kitu. Kuligeuza eneo kuwa stabu kunahitaji ruta zote za eneo zikubaliane, kwa kuwa kila salamu ya OSPF hubeba biti inayosema kama mtumaji anapokea njia za nje. Ruta mbili zisipokubaliana juu ya biti hiyo haziwi majirani kamwe, na fundi mgeni anaweza kupoteza mchana mzima akitafuta waya mbovu. Kuligeuza kutoka stabu kuwa stabu kamili, kwa upande mwingine, kunahitaji neno moja zaidi kwenye ruta ya mpakani tu. Ruta za ndani hazijui kama zimenyimwa. La kwanza ni mkataba kati ya wote walio ndani ya eneo; la pili ni uamuzi wa anayelinda mlango. Tofauti hiyo haielezeki kwa lugha ya kumbukumbu, bali kwa lugha ya mamlaka.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote ni NSSA. Waraka wake wa kwanza, RFC 1587 wa Machi 1994, uliandikwa na Rob Coltun, aliyekuwa ametengeneza programu ya OSPF katika Chuo Kikuu cha Maryland, na Vince Fuller wa BARRNet, mtandao wa kikanda ulioviunganisha vyuo na maabara za eneo la ghuba ya San Francisco. Katika kueleza kwa nini aina mpya inahitajika hawakuanza na ruta yenye kumbukumbu ndogo. Walianza na mitandao ya kikanda ya NSFNET na wateja wake: mteja ana mitandao kadhaa, mmoja umeunganishwa na ruta inayosimamiwa na mtandao wa kikanda, na mingine imetawanyika ndani kwake chini ya usimamizi wake mwenyewe. Mfano wao ulikuwa mteja mmoja wa BARRNet mwenye mtandao wa daraja B na mwingine wa daraja C, ambao ndani kwake aliendesha RIP. Kwa umbo, mteja huyo ni stabu kabisa: mlango mmoja, hana haja ya habari za dunia. Lakini stabu ilikataza njia za nje kuingia kutoka upande wowote, hata zile ambazo stabu yenyewe ingependa kuzitoa. Njia alizojifunza kwa RIP zilihesabika kuwa za nje, kwa hiyo hakuweza kuzitangaza akiwa stabu. Na asipokuwa stabu, ruta yake ingemwagiwa njia zote za nje za BARRNet. Kwa sababu hiyo BARRNet ililazimika kuiishiza OSPF kwenye ruta ya upande wake na kuendesha RIP kwenye kiungo cha mwisho.

Suluhisho lilikuwa tangazo la aina mpya, aina ya 7, linaloruhusiwa kuishi ndani ya eneo hilo tu. Mteja huzitangaza njia zake kwa aina ya 7. Zikifika mpakani, ruta ya mpakani huzitafsiri kuwa aina ya 5, njia za nje za kawaida, na kuzipeleka kwenye mtandao mkubwa. Kutoka mtandao mkubwa kwenda ndani, aina ya 5 inabaki marufuku. Huu ni mpaka wenye upande mmoja: yako yatatoka, yetu hayatakuja. Waandishi walizitaja faida zake, na ni kweli kiungo chembamba na ruta dhaifu zimo katika orodha. Lakini humohumo wanasema mteja anakuwa kitu kimoja kinachosimamika mbele ya mtandao unaombeba, na mtandao huo nao unafichwa mbele ya mteja. Maneno hayo yangeweza kuandikwa na mwanasheria wa mikataba. Mwaka huohuo wa 1994 BARRNet ilinunuliwa na BBN, kampuni ileile iliyoijenga ARPANET, na nchini Marekani mitandao ya kikanda ikaanza kugeuka biashara; uhusiano wa mbebaji na mteja ulioandikwa katika RFC 1587 kama tatizo la vyuo ukawa ndio umbo la kawaida la intaneti.

Kuna ushahidi kutoka upande usiohusika na OSPF hata kidogo. Itifaki ya IS-IS, iliyotokana na kazi ya kampuni ya Digital ambako Perlman alikuwa mbunifu mkuu, na ambayo Ross Callon aliifungulia mlango wa IP kwa RFC 1195 ya Desemba 1990, ilianza kutoka ncha ya pili. Humo ruta ya ngazi ya 1 haikujua chochote nje ya eneo lake. Ilitafuta tu ruta ya ngazi ya 2 iliyo karibu na kuipelekea pakiti. Kwa lugha ya OSPF, kila eneo la IS-IS lilizaliwa likiwa stabu kamili. Halafu wenye mitandao wakalalamika kwamba kutojua huko kumezidi, pakiti zinatoka kwa mlango ulio karibu badala ya mlango ulio sahihi, na Oktoba 2000 ikatoka RFC 2966 iliyoruhusu baadhi ya njia za ngazi ya 2 kuteremshwa ngazi ya 1. OSPF ilianza kwa kuwajuza wote kisha ikakata. IS-IS ilianza kwa kuwanyima kisha ikaongeza. Zilikutana katikati, mahali ambapo mwenye mtandao ndiye huamua kipi kivuke mpaka. Kama maeneo maalumu yangekuwa kiraka cha vifaa duni tu, tungetarajia itifaki iliyoanza na ubahili ibaki palepale, au itifaki zote mbili ziyaache maeneo hayo kumbukumbu iliposhuka bei.

Pingamizi la kwanza ni la maandishi, na lina uzito: nyaraka zenyewe zinataja kumbukumbu, mimi ni nani nisiziamini? Ninaziamini. Ninachokataa ni kulichukua neno la 1991 kuwa sababu ya nyaraka za 2003 na 2008, nitakazozitaja hapa chini. Tena wanaosema kumbukumbu sasa ni ya bure wamekosea kidogo, na kosa lao linanigusa na mimi. Kumbukumbu ya kuhifadhi hifadhidata ni rahisi kweli, lakini kumbukumbu ya kasi ambamo ruta huangalia njia ya kila pakiti ni ghali hadi leo. Agosti 2014 jedwali la njia za dunia lilipovuka 512,000, ruta kadhaa zilizokuwa zimetengewa nafasi ya kiasi hicho zilianza kuyumba, na huduma zikakatika sehemu mbalimbali. Jedwali lile lilikuwa la BGP, itifaki ya kupeana njia kati ya mitandao ya wenyewe tofauti, si OSPF, lakini linaonyesha kwamba uhaba haujafa. Nakubali, basi, kwamba sababu ya vifaa bado inapumua. Nasema tu kwamba haitoshi kueleza ni habari zipi zilizokatwa.

Pingamizi la pili linatoka kwa watoa huduma wakubwa, nalo ndilo gumu. Wao wanasema: mpaka wa kiutawala ni kazi ya BGP, si ya OSPF. Mteja na mbebaji wazungumze kwa BGP, njia za nje zote zibaki humo, na OSPF au IS-IS ibebe anwani za ruta zenyewe tu. Ukifanya hivyo eneo moja linatosha kwa mamia ya ruta, na stabu inakosa cha kuzuia. Wajenzi wa vituo vikubwa vya data wamekwenda mbali zaidi. RFC 7938 ya 2016 inaeleza namna ya kuendesha kituo kizima kwa BGP bila OSPF kabisa. Hoja hiyo ni sahihi pale ilipozaliwa. Lakini iangalie vizuri: haisemi kwamba mpaka hauhitajiki, inasema mpaka uhamishiwe kwenye itifaki nyingine. Wanaoweza kuuhamisha ni wale wenye wahandisi wa BGP kila upande wa laini. Benki yenye matawi, hospitali ya rufaa yenye zahanati zake, wizara yenye ofisi za mikoa, hizi zina mipaka ya kweli ndani ya taasisi moja. Idara ya tawi ina fundi wake, makao makuu yana wao, na hakuna anayeona sababu ya kuleta BGP kati yao. Kwa hao, stabu kamili kwa tawi lisilo na kitu cha kutangaza, na NSSA kwa tawi lililounganishwa na mshirika wa nje, bado ndiyo njia fupi ya kuuandika mpaka.

La tatu ni kwamba ninaupamba mpaka huu kuliko unavyostahili, na hapa wapinzani wangu wako karibu na ukweli kuliko wanavyodhani. Eneo la stabu si ukuta wa usalama. Ruta iliyo ndani yake ikitangaza upuuzi kuhusu viungo vyake, eneo zima litauamini, na ruta ya mpakani itautoa nje kama muhtasari isipokuwa imesanidiwa vinginevyo. Katika NSSA, chochote ambacho mteja anakimwaga kwa aina ya 7 kinaweza kutafsiriwa na kutangazwa kote. Na kutojua kuna bei: eneo lenye milango miwili, likipewa njia chaguo-msingi kutoka kila mlango, litaufuata ulio karibu hata kama mwendo wa jumla unakuwa mrefu. Viungo vya kubuni, vile vinavyotumika kuuunga uti wa mgongo uliokatika, haviruhusiwi kupita ndani ya stabu. Kwa hiyo mpaka huu unalinda dhidi ya wingi na dhidi ya mtikisiko wa habari za mbali. Haulindi dhidi ya jirani mbaya.

Lakini udhaifu wake hasa ndio unaoonyesha nani aliuhitaji. Matatizo ya NSSA ya 1994 yalijitokeza kazini: milango ikiwa miwili ni nani atafsiri, njia chaguo-msingi ya mlango mmoja isije ikauteka mlango wa pili, na muhtasari wa maeneo mengine uingie au usiingie. Toleo lililoyashughulikia, RFC 3101 ya Januari 2003, liliandikwa na Pat Murphy wa taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani, USGS. Si mtengenezaji wa ruta aliyekaa kuandika upya kanuni za mtafsiri wa mpakani. Ni mtu wa taasisi inayopima miamba na matetemeko. Kanuni yenyewe inaonekana ndogo: wakiwepo wengi, mwenye namba kubwa ya utambulisho ndiye hutafsiri, isipokuwa mmoja wao awe amepewa kazi hiyo daima. Wakati huohuo tazama kilichotupwa. OSPF ya 1991 ilikuwa na uwezo wa kuchagua njia tofauti kwa aina tofauti za huduma, wazo lililopendeza sana karatasini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 liliondolewa katika itifaki kwa sababu halikuwa na uzoefu wa kutosha kazini. OSPF ilipoandikwa upya kwa ajili ya IPv6, kwanza mwaka 1999 na tena mwaka 2008 katika RFC 5340, waandishi walibadilisha namna anwani zinavyobebwa, wakauondoa uthibitisho wa zamani, na wakaita upya baadhi ya matangazo kwa majina mengine. Stabu waliiacha ilivyo, na NSSA, ambayo hapo awali ilikuwa na waraka wake wa pembeni, safari hii waliiingiza ndani ya itifaki yenyewe.